Seva iliyouliza namba ya chumba

Mstari uliotegua kitendawili cha kilo za kahawa zilizopotea ulikuwa kwenye kumbukumbu za ndani za simu ya karani wa mizani. Ni simu ya bei nafuu, kioo kimepasuka kona, tundu la chaji limejaa vumbi la kahawa. Kwa kila stakabadhi iliyotumwa siku ile, programu ilikuwa imeandika jibu ililopata kutoka kwa seva: 200, yaani mambo safi, kisha herufi mia za mwanzo za jibu lenyewe. Pale nilipotegemea kusoma "imepokelewa" na namba ya stakabadhi, palikuwa na lebo za HTML, lugha ya kurasa za tovuti, na maneno haya: "Karibu. Tafadhali ingiza namba ya chumba chako."

Seva ya chama cha ushirika wa kahawa haina vyumba. Jibu lilitoka kwa mtu mwingine, na programu ilikuwa imemwamini.

Kisa hiki ni cha chama kimoja cha msingi, Amcos, kwenye vihamba, mashamba ya familia, vya juu ya Moshi. Bodi imeniruhusu nikieleze kwa sharti kwamba nisitaje jina la chama, la karani wala la kijana aliyeandika programu. Sharti hilo ningejiwekea hata wasingeniambia, kwa sababu kosa lililofanyika hapa nimelikuta Arusha, nimelikuta Dar, na naamini liko kwenye programu nyingi ambazo wasomaji wa uchambuzi huu wanazitunza sasa hivi.

Mambo yenyewe yako hivi. Mkulima analeta kahawa mbivu kituoni, karani anapima, anaandika kilo kwenye kitabu cha stakabadhi chenye kaboni, anachana nakala ya juu anampa mkulima. Utaratibu huu ni wa zamani. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika, na kwa karibu miaka mia sasa familia za huku zimesomesha watoto kwa kilo zilizoandikwa kwenye karatasi ya aina hiyo. Mwaka 2021 bodi ilimpa kazi kijana mmoja wa Arusha atengeneze programu ya simu: karani anaingiza namba ya mkulima na kilo, taarifa zinakaa kwenye simu, na mtandao ukipatikana zinatumwa kwenye seva. Malipo ya awali yanakokotolewa kutoka kwenye seva na kwenda kwa mkulima kwa pesa za simu. Kitabu cha kaboni kilibaki, kwa sababu katibu, mzee mwenye msimamo, alikataa katakata kukiondoa. Tutarudi kwa mzee huyu.

Oktoba 2023 malipo yalitoka. Siku mbili baadaye bibi mmoja alipanda ofisini na karatasi yake mkononi: "Mwanangu, kilo zangu za wiki ile ziko wapi?" Kwenye seva hazikuwepo. Akaja wa pili, wa tano, wa kumi. Walipohesabu wote, stakabadhi 58 za siku tatu, za kituo kimoja, za karani mmoja, zilikuwa hazimo. Kwenye simu yake nazo hazikuwepo tena, maana programu ilikuwa ikifuta taarifa ikishaambiwa zimefika.

Mtu ambaye hajaishi huku hawezi kujua uzito wa maneno "karani amekula kilo". Dada yule alikuwa na miaka sita kwenye mizani. Kwa siku nne watu walipita kituoni bila kumsalimia. Kilichomwokoa ni kile kitabu: nakala zake za kaboni zilikuwa kamili, namba zikifuatana, mwandiko wake, kilo zile zile zilizokuwa kwenye karatasi za wakulima. Katibu akaweka nakala mezani mbele ya bodi, akasema aliyeiba haachi risiti, basi tatizo liko kwenye mashine, tafuteni mtu wa mashine. Ndipo nikaitwa.

Nilianza na seva. Kumbukumbu za nginx, programu inayopokea maombi kwenye seva, hazikuonyesha ombi hata moja kutoka kwa simu ile siku ambayo simu ilidai imetuma. Halikuwa ombi lililokataliwa wala lililokatika njiani, halikufika kabisa. Halafu nikafungua simu, nikakutana na ule ukurasa wa namba ya chumba. Nikamuuliza dada siku ile alikuwa wapi. "Tulikuwa mjini, semina ya makarani, hotelini." Data ya simu alikuwa ameizima kulinda bando. Simu iliwahi kuunganishwa na waifai ya hoteli ile kwenye semina ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo iliunganika yenyewe alipoingia ukumbini. Hakuwa ameingiza namba yoyote ya chumba. Hakujua hata kwamba simu imeunganika.

Sasa fuatilia kilichotokea. Waifai za hoteli nyingi zina ukurasa wa kuingilia: kabla hujajitambulisha, ruta inakamata kila ombi linalotoka kwenye kifaa chako na kulijibu yenyewe kwa ukurasa wake. Ombi likiwa la HTTP ya kawaida, hilo ni rahisi. Likiwa la HTTPS, yaani lililosimbwa, lililofungwa kwa siri, baadhi ya ruta hujaribu kulijibu pia, kwa kujifanya ndizo seva uliyoitaka na kutoa cheti chao zenyewe, cha kujitilia saini. Cheti ni hati ya kidijitali ya kuthibitisha jina la seva. Kivinjari kinaona cheti hakimhusu mwenye jina lile, kinapiga kelele na kukataa. Programu ya kahawa haikupiga kelele. Ilipokea cheti cha ruta, ikakamilisha kupeana mikono kwa TLS, utaratibu unaolinda HTTPS, ikasimba taarifa vizuri kabisa, ikaikabidhi ruta stakabadhi zote pamoja na tokeni ya karani, yaani kitambulisho chake cha siri cha kuingilia, ikapata 200, ikafuta.

Hakukuwa na mwizi. Ruta ilikuwa inafanya kazi iliyopangiwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu tukizungumzia "mtu wa katikati", anayejiweka kati ya simu na seva, wasanidi wengi wanafikiria mhalifu mwenye kofia usoni, na kwa kuwa hawamwoni, wanaahirisha. Huku kwetu mtu wa katikati anaweza kuwa kisanduku cha plastiki juu ya kabati la mapokezi.

Mstari wa msimbo ulioiruhusu programu kuamini cheti cha ruta ulikuwa huu:

client.badCertificateCallback = (cert, host, port) => true;

Kwa anayetumia Dart na Flutter, zana zilizoandikia programu hii, hauhitaji maelezo. Kwa wengine: hiyo ni kazi ndogo inayoitwa pale tu uhakiki wa cheti unaposhindwa, kuuliza "niendelee hivyo hivyo?" Na jibu lililoandikwa pale ni ndiyo, kwa kila cheti, kwa kila jina, milele. Mstari huu una ndugu kila mahali. Kwenye Python ni verify=False. Kwenye curl ni -k. Kwenye Node ni NODE_TLS_REJECT_UNAUTHORIZED=0. Kwenye Java ni TrustManager yenye mwili mtupu. Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vya Ujerumani walichambua programu 13,500 za bure za Android na kukuta 1,074 zenye msimbo wa TLS unaoruhusu kuingiliwa kwa namna hii. Ni zamani, na Android imekazwa sana tangu hapo: toleo la 7 la mwaka 2016 liliacha kuamini vyeti vilivyoongezwa na mtumiaji, na toleo la 9 la mwaka 2018 lilizima mawasiliano yasiyosimbwa, isipokuwa msanidi aombe mwenyewe. Lakini mfumo hauwezi kumzuia msanidi aliyeamua kujibu ndiyo.

Nilimpigia kijana. Sikutaka kumlaumu, nilitaka kujua mstari uliingiaje. Tulikutana Arusha, karibu na Sanawari, akafungua historia ya msimbo kwenye kompyuta yake mbele yangu. Mstari uliingia usiku wa kuamkia siku ya uzinduzi, ukiwa na maelezo ya maneno mawili: "rekebisha ssl". "Kaka," akaniambia, "asubuhi ile ningekuwa na makarani kumi na mbili ukumbini na mwenyekiti anaangalia saa. Kwenye kivinjari inafunguka, kwenye simu inagoma. Nikatafuta lile kosa mtandaoni, jibu la kwanza likawa ule mstari. Nikasema nitautoa wiki ijayo."

Namwelewa. Hata sasa namwelewa. Karibu kila mara mstari huu huingia kwa mlango huo huo: kuna kosa la kweli, kuna muda mfupi, na kuna dawa inayoondoa maumivu bila kugusa ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwa nini, basi? Nilitoa ule mstari, nikaendesha programu, na kosa la mwaka 2021 likarudi kama lilivyokuwa: CERTIFICATE_VERIFY_FAILED: unable to get local issuer certificate. Yaani, nimeona cheti cha seva lakini sikioni cha aliyekitilia saini. Nikaiuliza seva moja kwa moja kwa amri ya openssl s_client na -showcerts, inayoonyesha vyeti ambavyo seva inaleta. Ilileta cheti kimoja tu. Hapo ukweli ukawa wazi.

Cheti cha seva hakiaminiki chenyewe. Kimetiwa saini na cheti cha kati, na cha kati kimetiwa saini na cheti cha mzizi, ambacho ndicho kinachokaa ndani ya simu tangu kiwandani. Ni kama barua ya utambulisho: mjumbe wa nyumba kumi anakutambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mhuri wake unajulikana ofisi ya kata. Ukifika kata na barua ya mjumbe peke yake, karani wa kata hamjui mjumbe wako, anakurudisha. Seva inatakiwa kuleta cheti chake pamoja na cha kati. Hii ilikuwa inaleta cha kwake tu.

Certbot, ile programu ya kuchukua vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, huacha faili nne kwenye folda moja: cert.pem, chain.pem, fullchain.pem na privkey.pem. Kijana alielekeza nginx kwenye cert.pem. Jina linashawishi, unatafuta cheti unaona faili linaloitwa cheti. Ilitakiwa fullchain.pem. Na kivinjari chake kilimficha kosa, kwa sababu vivinjari vingi vya kompyuta hujitafutia cheti cha kati chenyewe kikikosekana. Maktaba za programu za simu kwa kawaida hazifanyi hivyo. Hiyo ndiyo maana ya "kwenye kivinjari inafunguka, kwenye simu inagoma". Ukiisikia sentensi hiyo kwa mwenzako, kabla ya kufungua msimbo hata mmoja, kahesabu vyeti vinavyoletwa na seva.

Nikabadilisha neno moja kwenye mpangilio, nikahakiki kwa nginx -t, nikaipakia upya. Vyeti vikawa vitatu badala ya kimoja. Simu tisa kati ya kumi na mbili zikaunganika papo hapo, zikiwa na uhakiki kamili. Miaka miwili ya hatari ilitokana na jina la faili.

Tatu zilizobaki zilinichukua siku nzima, na nazieleza kwa sababu simu za namna hii ndizo zilizoko vijijini kwetu, si zile za mezani kwa msanidi. Mbili zilikuwa Android 6. Zenyewe zililia kwamba cheti kimekwisha muda, wakati cha seva kilikuwa na siku sitini mbele. Kilichokwisha ni cha mzizi: DST Root CA X3, mzizi wa zamani ambao Let's Encrypt waliuegemea walipoanza, ulimaliza muda wake tarehe 30 Septemba 2021. Mzizi wao wenyewe, ISRG Root X1, haumo kwenye Android za kabla ya 7.1.1. Simu ile ilikuwa inaufuata mnyororo hadi mwisho na kukuta kaburi. Dawa haikuwa kuzima uhakiki. Nilichukua ISRG Root X1, unaodumu hadi Juni 2035, nikauweka ndani ya programu na kuiambia iuamini pamoja na ile ya simu. Simu ya tatu ilikuwa na saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa baada ya betri kutolewa, kwa hiyo kwake kila cheti cha dunia kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Tukarekebisha saa, na programu sasa inalinganisha tarehe ya simu na tarehe ya toleo lake yenyewe: ikiona simu iko nyuma ya siku ilipotengenezwa, inamwambia karani arekebishe saa badala ya kumwonyesha kosa la vyeti.

Kabla sijaendelea na matengenezo niliomba ruhusa ya bodi kufanya jaribio moja mbele yao, kwenye simu ya chama yenye taarifa za kubuni, kwa sababu maneno ya "cheti" hayakuwa yanawaingia na sikutaka walipie kazi wasiyoielewa. Niliwasha waifai kutoka kwenye kompyuta yangu, mitmproxy, zana ya kunasa mawasiliano, ikiwa katikati. Simu yenye programu ya zamani ikatuma. Kwenye skrini yangu vikatokea namba ya mkulima, jina, namba ya simu ya malipo, kilo, na tokeni. Nikabadilisha kilo kabla ya kuziachia ziende kwenye seva ya majaribio. Zikapokelewa. Mwenyekiti akainama kwenye skrini, akakaa kimya kwa muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo na namba ya simu ungeweza kuibadilisha?" Ndiyo. Malipo yangekwenda kwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na nitakaa kidogo. TLS inafanya kazi mbili zinazoonekana kama moja. Ya kwanza ni kukubaliana ufunguo wa siri mbele ya watu wote bila watu hao kuujua. Hilo linatokana na wazo la Whitfield Diffie na Martin Hellman la mwaka 1976, na kwenye TLS 1.3, iliyotoka mwaka 2018, mara nyingi hufanywa kwa hesabu iitwayo X25519. Ya pili ni kuthibitisha kwamba huyo uliyekubaliana naye ufunguo ndiye uliyemkusudia. Hiyo ndiyo kazi ya cheti, na ya saini ambayo seva inaitia juu ya mazungumzo yote ya salamu kwa ufunguo wake wa siri. Ukizima uhakiki wa cheti, kazi ya kwanza inaendelea bila dosari. Usimbaji upo. Ukichungulia njiani huoni kitu. Lakini umekubaliana siri na yeyote aliyedaka simu kwanza. Ndiyo maana kijana alipopima alijiridhisha: aliona taarifa zimesimbwa, akaona kazi imekwisha.

Alipoona jaribio langu aliumia, na kesho yake akaja na pendekezo. Tuongeze usimbaji wetu wa AES, mbinu nyingine ya kusimba, ndani ya TLS, ufunguo tuufiche kwenye programu, ili hata mtu wa katikati akipata kitu, apate makapi. Nilikataa, na tulibishana karibu saa nzima. Ufunguo uliomo ndani ya APK, faili la kusakinishia programu, ni ufunguo alionao kila mwenye APK, na hii ilisambazwa kwa WhatsApp. Kuifungua na kuusoma ni kazi ya dakika chache. Zaidi ya hapo, mtu anayejitengenezea usimbaji anaanza kukutana na maswali ambayo TLS ilishayajibu: namba ya kuanzia isirudiwe, ujumbe wa jana usirudishwe leo, nani anahakikisha haukuguswa njiani. Mlango mzuri upo, una kitasa kizuri, tatizo ni kwamba tumeuacha wazi. Kujenga mlango wa pili nyuma ya ule ulio wazi si jibu.

Lakini kuna jambo moja ambalo TLS, hata ikikamilika, haikuwa inalijibu, na hapa ndipo ninapomrudia katibu na kaboni yake. Programu iliamini 200. Namba 200 inasema tu kwamba aliyejibu ameridhika. Haisemi amepokea nini. Android yenyewe inalijua hili: inapotaka kujua kama waifai ina intaneti ya kweli, inauliza anwani ambayo jibu lake sahihi ni 204 lisilo na mwili, kwa sababu kurasa za kuingilia hupenda kujibu 200. Mfumo wa simu ile ulikuwa umeshatambua kwamba hotelini hapo hakuna intaneti bado. Programu yetu haikuuliza.

Kaboni inafanya kitu bora kuliko 200. Mkulima haondoki na neno la karani kwamba ameandika. Anaondoka na karatasi yenye kilo zile zile, na mhuri. Kwa hiyo tukaifanya seva itoe stakabadhi yake. Ikipokea taarifa, inachukua hashi ya SHA-256, yaani alama fupi inayobadilika taarifa zikibadilika hata kidogo, ya baiti zilezile zilizofika, inaiunganisha na namba ya stakabadhi na saa ya kupokea, inaitia saini ya kidijitali ya Ed25519 na kuirudisha. Simu ina ufunguo wa wazi wa seva, baiti 32 tu, na inahakiki saini pamoja na hashi kabla ya kuweka alama. Hatukutumia HMAC, njia nyingine ya kuthibitisha ujumbe, hapo, ingawa ni nyepesi na inafaa sana kati ya seva mbili, kwa sababu HMAC inahitaji pande zote ziwe na siri moja, na tungerudi kule kule kwenye siri iliyofichwa ndani ya APK. Ufunguo wa wazi hauna cha kuficha. Na hata stakabadhi ikithibitishwa, taarifa hazifutwi tena hadi msimu uishe. Simu ina nafasi, kahawa ya mkulima haina mbadala.

Toleo la kwanza la mpango huu lilishindwa, kosa langu. Seva ilikuwa inasoma JSON, maandishi yanayobeba taarifa kutoka kwenye simu, inaitafsiri, kisha inaiandika upya ndipo inapiga hashi. Kilo zilizoandikwa 12.50 kwenye simu zikawa 12.5 kwenye seva, hashi ikawa nyingine, simu ikakataa stakabadhi halali. Ukitia saini kitu, tia saini baiti ulizopewa kabla hujazigusa. Tulibadilisha pia kilo zikawa gramu, namba kamili, tukaachana na nukta kabisa. Na kila taarifa ikapewa kitambulisho chake tangu simu inapoizalisha, ili ikitumwa mara tatu kwa sababu mtandao umekatika, seva iiandike mara moja.

Bodi iliniuliza kama tuifunge programu kwenye cheti kimoja tu cha seva yetu, isikubali kingine. Kuna mazingira ambayo ningefanya hivyo. Hapa nilisema hapana. Vyeti vya Let's Encrypt wakati ule vilidumu siku 90, na certbot isipoelekezwa vingine hutengeneza ufunguo mpya kila inapokihuisha. Simu ya karani wa juu kule inaweza kukaa mwezi bila kupata toleo jipya. Tungejikuta katikati ya mavuno simu zote kumi na mbili zimefungiwa nje, na shinikizo lile lile la asubuhi ya uzinduzi lingerudi, na mtu angeandika true tena.

Tokeni zote za zamani zilifutwa siku ile ile. Zilikuwa hazina mwisho. Mpya zinadumu saa chache na kuhuishwa. Sina sababu ya kudhani hoteli ilihifadhi chochote, lakini siri iliyopita mikononi mwa usiyemkusudia inahesabiwa imetoka. Majina na namba za wakulima nazo zilipita pale, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu tarehe 1 Mei 2023, haibagui kati ya benki na Amcos. Bodi iliiandikia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kisha ikaitisha mkutano na kuwaeleza wakulima wenyewe kwa Kiswahili cha kawaida. Stakabadhi 58 ziliingizwa upya kutoka kwenye kaboni, watu watatu wakisoma na wawili wakihakiki, na malipo yakatoka wiki iliyofuata. Katika mkutano huo mwenyekiti alisimama akamwomba radhi karani mbele ya watu wote.

Novemba nilirudi na dada yule kwenye hoteli ile ile. Tulikaa kwenye viti vya mapokezi, data imezimwa, waifai imeunganika, hatukuingiza namba ya chumba. Simu ilikuwa na stakabadhi saba. Programu ilijaribu kutuma, ikasimama, ikaandika maneno ambayo tulikuwa tumeyatunga naye, kwa sababu yale ya kwanza niliyoandika mimi hakuyaelewa: "Anayejibu si seva ya chama. Usihofu, kilo ziko salama kwenye simu hii. Jaribu tena ukipata mtandao mwingine." Aliyasoma mara mbili. Akafungua kitabu chake cha kaboni, akahesabu nakala saba, akalinganisha na saba za kwenye simu, akakifunga.

Jioni, kwenye daladala ya kupanda nyumbani, akawasha data. Baadaye alinitumia picha ya skrini: alama saba za kijani, kila moja na saa yake.